Dari la Chumba cha Nne

Milanzi, Sumbawanga
19 Juni 1977

Kwa dada yangu mpendwa Atuganile,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mgongo umepoa na unaweza tena kwenda kuchuma chai bila kujishika kiuno kama ulivyoniandikia wakati wa Pasaka. Shemeji Fanueli naye mpe shikamoo yake mapema, asije akasema namkumbuka karatasi ikiwa imekwisha. Watoto nawasalimu wote, na yule aliyeanza darasa la kwanza mwambie mjomba anauliza kama ameshajua kuandika jina lake.

Sisi huku hatujambo kwa jumla. Martha anaendelea vizuri, mimba yake sasa ni ya miezi saba, na anakusalimu sana. Baridi imeingia kwa nguvu. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi tangu asubuhi na hauchoki mpaka jua lizame. Mahindi yamevunwa, watu sasa wako kwenye ulezi. Chakula tunapata, sabuni ndiyo ya kupanga foleni.

Barua zako mbili zimenifikia, ile ya Aprili na ile aliyoileta dereva wa lori la Abdala. Umeniuliza kwa nini nimenyamaza, na kama ni kweli ulivyosikia kwamba mimi si mkaguzi tena. Ni kweli, dada. Tangu mwanzo wa mwezi huu nipo kwenye kikosi cha nguzo. Tunachimba mashimo, tunasimamisha nguzo na kuvuta nyaya kuelekea upande wa Kasense. Hakuna aliyenionea. Nataka nikueleze jinsi ilivyokuwa, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita shemeji.

Wewe hujawahi kuniona kazini, kwa hiyo nianze hapo. Tangu mji huu ulipofanywa makao ya mkoa, watumishi wanamiminika kutoka kila pembe na nyumba hazitoshi. Kila mwenye vyumba anapangisha, na chumba chenye taa kinagombewa. Lakini nyumba haiunganishwi na umeme mpaka mkaguzi wa ofisi yetu aikague na kutia sahihi. Mkaguzi hupanda darini, hufuata nyaya kwa macho na kwa mkono, huangalia kama waya wa ardhi umefika ardhini kweli, kisha huzungusha ile mashine yenye mkono inayopima kama nyaya zinavujisha umeme. Namba anayoisoma anaiandika kwenye fomu. Mpangaji hana namna ya kujua kilichopo juu yake. Anafungua mlango, anatandika kitanda na kulala, akiiamini sahihi ya mtu ambaye pengine hatamwona maisha yake yote.

Hapa Milanzi yuko mama mmoja anaitwa Bi Kulsumu. Mumewe alikuwa na duka mjini, alipofariki alimwachia nyumba ya vyumba sita inayozunguka ua, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo maisha yake. Alinipenda tangu nilipofika huku nikiwa kapera. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akinitumia futari, mimi Mmoravian, akisema tumbo la mgeni halina dini. Mwaka jana aliamua kuweka umeme, akamwita fundi Evaristi.

Evaristi ni Mfipa wa Msanzi, mtu wa makamo, alijifunza ufundi kwa mapadri. Haongei sana. Nilikuwa nimekagua nyumba nyingi alizofunga yeye, na nakwambia kweli, ukipanda darini ukakuta kazi yake unaweza kudhani imepigwa rula. Mafundi wengine wakimaliza kazi humkwepa mkaguzi. Yeye alikuwa akikusubiri pale pale na ngazi yake, akikuonyesha mwenyewe mahali anapopatilia shaka.

Nyumba ile niliikagua mwezi wa nane, nikaipitisha, ikaunganishwa. Vyumba vyote sita vikapata wapangaji kwa wiki moja. Chumba cha nne alikaa binti anaitwa Bertilla, mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Watu wa ofisini kwake walikuwa wakisema mashine yake ikilia hujui herufi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Kwa mshahara huo alikuwa akimtunza mama yake Kasense na kuwasomesha wadogo zake wawili.

Habari ya Bertilla nilikudokeza katika barua ya Machi, lakini sikukueleza yote. Ilikuwa Februari, mvua imenyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne jua likatoka, na Bertilla akaingia uani na beseni la nguo. Kamba yao ya kuanikia ni waya, upande mmoja umefungwa kwenye mti na upande wa pili kwenye ukingo wa bati. Alipoushika tu, mkono ukanasa. Wenzake wanasema hakupiga hata kelele. Mwalimu Flavian wa chumba cha pili ndiye aliyepata akili. Aliuchukua mchi mkavu jikoni akaupiga ule waya mpaka ukakatika. Bi Kulsumu alikuwa amekwisha kukimbilia swichi kuu, analia huku anaita majina ya Mungu.

Bertilla alipona, tumshukuru Mungu kwa hilo. Alilazwa karibu miezi miwili. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia viliungua vibaya, vimekunjamana kuelekea kiganjani na havinyooki. Ofisini kwake hawakumfukuza. Walimpa kazi ya kupeleka mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile.

Siku ile ile ya ajali nilitumwa mimi kutafuta sababu. Nilipanda darini juu ya chumba cha nne, nikaikuta bila kuhangaika. Seremala wa Bi Kulsumu alikuwa amebadilisha mabati mawili baada ya nyaya kupitishwa, na msumari mmoja ulikuwa umeuparuza waya. Upepo wa huku unavyotikisa mabati, msumari ulisaga mpira unaofunika waya kidogo kidogo kwa miezi sita, mpaka shaba ikagusa chuma. Unyevunyevu wa mvua ulimalizia. Bati zima lilikuwa na umeme, na waya wa kuanikia pia.

Tuliitwa kikao. Alikuwepo meneja wetu, Bwana Ambakisye, ambaye kama ujuavyo ni mtu wa kwetu Rungwe. Alikuwepo Bi Kulsumu, balozi wa nyumba kumi, fundi Evaristi na mimi. Evaristi alisema kwamba yeye aliyaona yale mabati mapya baada ya kumaliza kazi, lakini siku hiyo alikuwa amepata taarifa ya msiba Msanzi, akalazimika kuondoka. Akasema alinipitia mimi ofisini kabla hajaondoka, akaniomba nisikipitishe chumba cha nne mpaka nipande juu nihakikishe, au nimsubiri arudi. Meneja akanigeukia akaniuliza kama ndivyo. Nikajibu kwamba sikumbuki kuambiwa jambo hilo.

Evaristi aliniangalia. Hakubisha, hakurudia maneno yake. Fomu ilitolewa, ilionyesha kwamba dari lilikaguliwa na vipimo vilikuwa vizuri, kwa hiyo ikaonekana kwamba hitilafu iliingia baadaye, na kwamba fundi ndiye aliyerudi kugusagusa. Seremala alikuwa amekwisha kuhamia Mpanda na hakuna aliyejua pa kumpata. Evaristi akanyang'anywa leseni. Wiki ile ile alifunga vyombo vyake kwenye gunia, akarudi Msanzi kulima. Nyumba ya Bi Kulsumu ikakatiwa umeme, na wapangaji wakahama mmoja mmoja, akabaki Mwalimu Flavian peke yake, ambaye alisema yeye alikulia kwenye kibatari.

Maisha yakaendelea. Nilikuwa nikikagua nyumba kwa muda mrefu kuliko zamani, mpaka wenye nyumba wakaanza kunung'unika. Chakula hakikuniingia. Martha akadhani ni mawazo ya mtoto anayekuja.

Halafu siku moja ya Mei, mchana wa Jumamosi, Bertilla alikuja nyumbani kwetu. Martha alimkaribisha chai. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa safi, ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Alisema amekuja kuniomba msaada. Alitaka kumwandikia fundi Evaristi barua, lakini mkono wake wa kulia hauwezi na wa kushoto bado unaandika kama mtoto. Wenzake wa ofisini hakutaka wajue mambo yake. Akasema amenifikiria mimi kwa kuwa nilifanya kazi na fundi na najua atapatikana wapi.

Nilichukua karatasi na kalamu, na yeye akaanza kusema, taratibu, kama mtu aliyezoea kuandika barua zinazotamkwa na wakubwa. Maneno yake nayakumbuka kama yalivyo. "Ndugu Evaristi, mimi ni yule uliyemfungia taa chumba cha nne. Nimesikia umerudi kulima na kwamba huji tena mjini. Nataka ujue kwamba sina kinyongo na wewe. Nilikuwa nacho hospitalini, lakini nimechoka kukibeba, na padri ameniambia nikitue. Kosa linaweza kumpata fundi yeyote. Mimi pia nimewahi kukosea herufi kwenye barua ya mkubwa. Nakusamehe, na nakuombea."

Nikaandika yote. Akaisoma, akasifu mwandiko wangu, kisha akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto akaandika jina lake. Ilimchukua muda mrefu. Herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari, akaiangalia, akacheka kidogo.

Dada, nakumbuka. Nakumbuka kila neno aliloniambia Evaristi siku ile. Alisimama mlangoni mwa ofisi ameshika kofia, akaniambia, "Mkaguzi, chumba cha nne usikiamini. Panda, au nisubiri mpaka Jumatatu." Nami nikamwambia aende akazike, nitapanda.

Sikupanda. Siku hiyo ilikuwa ndiyo siku ya kwenda kujulishwa kwa wazazi wa Martha. Nilikuwa nimevaa shati lile jeupe uliloninunulia Tukuyu. Dari la Bi Kulsumu lina masizi ya miaka mingi, jiko la zamani lilikuwa humo humo ndani. Niliweka ngazi, nikafungua kifuniko, nikapenyeza tochi na kichwa, nikaangaza kulia na kushoto, nikafunga. Mashine ya kupimia niliiacha ofisini, sikutaka kuibeba mpaka ukweni. Namba niliyoiandika kwenye fomu ni ya nyumba niliyoikagua jana yake. Nikatia sahihi juu ya meza ya Bi Kulsumu, na yeye akanipulizia marashi begani akaniambia niende nikalete mke. Usije ukajilaumu kwa ajili ya shati, dada. Shati halina kosa lolote.

Na kwenye kikao, nilipoulizwa, nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu, ndiyo aliniambia. Nilimwangalia meneja, nikaifikiria kazi yangu na mke niliyekuwa nimemwoa miezi michache tu kabla ya hapo, nikasema sikumbuki. Katika barua yangu ya Machi nilikuandikia kwamba fundi mzembe amemlemaza binti wa watu na kwamba mimi ndiye niliyeigundua hitilafu. Ukanijibu kwamba uliisoma mbele ya akina mama wa kanisani na kwamba walimshukuru Mungu kwa kijana mwaminifu. Nakuomba uwasomee na hii.

Barua ya Bertilla nilikaa nayo siku tatu. Siku ya nne nilimweleza Martha. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Siku ile nyumbani walikusifu kwa usafi." Basi. Sikuweza kukaa tena humo ndani. Nikaondoka kwenda ofisini.

Bwana Ambakisye alinisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Alizungumza nami kwa Kinyakyusa, akaniuliza kama nimewaza mtoto anayekuja, na kama najua kwamba karatasi ile imekwisha kufungwa kwenye faili na hakuna anayeifungua. Nikamwambia mimi naifungua kila siku. Mwishowe akanipa karatasi tupu akaniambia niandike kwa Kiswahili, kwa mkono wangu, nisifiche kitu. Niliandika kurasa mbili. Yeye mwenyewe alizipeleka juu, na nasikia aliniombea nisifukuzwe. Adhabu yangu ni hii niliyokueleza, nimevuliwa ukaguzi na sitarudishwa. Tena wakaamuru nyumba zote nilizozipitisha zikaguliwe upya. Mkaguzi mpya anazipitia, na mimi jioni nikitoka kwenye mashimo nakwenda naye kumshikia ngazi. Mbili tumezikuta na makosa. Katika moja yao wanalala watoto watano.

Bi Kulsumu nilimwendea mwenyewe. Aliniacha niseme yote nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kiti. Kisha akaniuliza kama nimekwisha kula. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi nenda ukale kwako." Haijawahi kutokea, dada.

Kwa Evaristi nilipanda lori mpaka Msanzi. Nilimkuta shambani na mkewe wanakata ulezi. Nilimpa shikamoo, marahaba ikachelewa kidogo, lakini ikaja. Nilikuwa nimebeba vitu viwili, barua ya ofisi ya kumrudishia leseni yake, na barua ya Bertilla. Sikujua nitoe ipi kwanza. Nikatoa ya Bertilla, kwa kuwa niliahidi kuifikisha.

Aliisoma amesimama, kisu cha kukatia ulezi bado kiko mkononi. Aliposoma mahali pa kusamehewa aliguna, akaendelea mpaka kwenye jina. Ndipo nikamwambia kilichotokea, kwamba sikupanda na kwamba nilikumbuka. Mkewe aliacha kukata. Evaristi akaikunja ile barua kama ilivyokuwa, akanirudishia. "Hii si yangu," akasema. "Mrudishie mwenyewe. Kama atataka kukupa wewe, ni hiari yake." Barua ya ofisi aliipokea, akaiweka mfukoni bila kuifungua. Nilimwomba radhi. Alisema amesikia. Sikuwa na haki ya kumdai zaidi. Nilipoomba nimsaidie kukata ulezi mpaka lori lirudi, alinionyesha mahali pa kuanzia, mbali kidogo na wao.

Wiki iliyopita alirudi mjini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa nyumba ya Bi Kulsumu; amebadilisha nyaya zote za juu, na waya wa kuanikia ameuondoa akafunga kamba ya katani. Tukipishana njiani tunasalimiana.

Kwa Bertilla nilikwenda mwisho, na ndiko nilikoogopa kuliko kote. Nilimkuta Kasense kwa mama yake. Nilimrudishia barua, nikamweleza kwa nini imerudi. Nilimwambia kila kitu, hata lile shati. Aliiweka barua magotini, akawa anaipangusa kwa mkono mzima kana kwamba ina vumbi. Hakulia wala hakunitukana. Aliniambia, "Yule nilikuwa nimeshazoea kumsamehe. Wewe sijui nikuanzie wapi." Nikamwambia simdai msamaha, nimekuja ajue tu. Mama yake akatuangalia kutoka jikoni, kisha Bertilla akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Uliiandika yote, ukijua. Nikaisifu na hati yako." Katika yote niliyoyafanya, dada, hilo ndilo nililotamani asilitaje.

Nilipoinuka kuondoka, alisema kwamba kila jioni anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, ameomba daftari kwa walimu wa elimu ya watu wazima. Akasema siku akiwa tayari kuniandikia, ataandika mwenyewe, na kama hatakuwa tayari hataandika. Nisiende kuuliza. Nikamwambia nimeelewa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo miezi yote niliyokuwa kimya. Naomba unisalimie wote wa Kiwira, wanaoniuliza na wasioniuliza, na umwambie shemeji nitafurahi akiniandikia, hata kama ni kunikaripia. Martha anasema mtoto akizaliwa anataka uje wewe, hataki mwingine. Nauli ya basi mpaka Tunduma tutakutumia, kuanzia hapo lori la Abdala litakuleta. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako,
Andwele